Mzizi Uliokataa Kuzama

Mimi nilianza kuokota kuni nikiwa na miaka sita, huko kwetu magharibi. Kwa hivyo siku muuza samaki wa mapambo aliponionyesha kipande cha mzizi cha kuweka tangini na kunitajia bei yake, nilicheka mpaka akakasirika. Niuziwe ukuni? Mimi? Nikamwambia akae na mzizi wake, nitajitafutia wangu.

Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka. Tangi langu lilikuwa limebaki na samaki wawili: mmoja mkubwa mweusi, jeuri kabisa, na kengine kadogo kekundu ambako yule mweusi alikafukuza kutwa mpaka mapezi yakararuka. Muuza samaki alisema kadogo kasipopata pa kujificha hakamalizi wiki. Na mume wangu alikuwa ameshatoa hukumu. Yeye ni mtu wa ziwani. Kwake samaki ni wa kuliwa na ugali, samaki wa kutazamwa ni wazimu wa mjini.

"Haka kakifa kabla ya Jumamosi, mama watoto, hilo sanduku linaenda Kayole," alisema. Kinyozi mmoja wa huko alikuwa tayari kulichukua.

"Sawa, kakifa lichukuliwe!" nikamjibu kwa hasira, na nikajuta papo hapo. Miaka yangu yote ya kiwandani ilienda kwa karo na unga. Tangi lile lilikuwa kitu cha kwanza nilichojinunulia ambacho hakiliwi, hakivaliwi wala hakisomeshi mtu. Nikiketi mbele yake moyo wangu ulikuwa unatulia. Nililipenda, basi.

Hapa mtaani Umoja kila mtu anaongeza nyumba. Jirani wa mstari wa nyumba za nyuma aling'oa mpera wake mwaka jana ili ajenge vyumba vya kupangisha, na mizizi ilikuwa bado imelala kando ya ukuta. Mpera ni mti mgumu, hauna utomvu wa kunata kama msipresi wala harufu kali kama mkaratusi. Hayo nayajua kwa moshi wake. Nikachagua vile ninavyochagua kuni: nikagonga, nikasikiliza, nikainua mmoja mmoja, nikachukua mkavu na mwepesi kuliko yote. Ulikuwa na vidole vitatu vilivyopinda, na chini yake uwazi kama kipango. Nikaubambua maganda kwa kisu, nikausugua kwa brashi bila sabuni, nikautumbukiza tangini kwa madaha.

Ukaelea. Nikausukuma chini, ukarudi juu. Mume wangu alicheka akishika mbavu. "Mtaalamu wa kuni!"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilikuwa nimechagua ukuni wa kuwaka! Ukavu ni sifa jikoni, lakini kwa maji ni kasoro. Na mizizi mingine yote ilikuwa minene, haingepita mdomo wa tangi. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira, na hasira yangu huwa hailali bure.

Nikatoa sufuria ya githeri, ile ya wageni, nikawasha jiko uani, nikaukandamiza mzizi kwa jiwe, nikauchemsha siku mbili nzima ili unywe maji. Maji yakageuka meusi kama strungi, chai isiyo na maziwa. Nikamwaga, nikatia mengine, yakageuka strungi tena. Jirani yangu anayeuza mboga akaja akichungulia.

"Hiyo ni dawa ya nini?"

"Ya samaki."

"Wacha kuninyima. Nichotee kikombe tu, mgongo unaniua."

Nilimkatalia, akaondoka amenuna. Kufikia jioni mstari wetu wote ulijua kwamba nina dawa na nina roho mbaya.

Ijumaa asubuhi niliondoa jiwe. Mzizi haukusogea. Nikausukuma huku na huku, ukatulia chini. Woi! Nilipiga vigelegele peke yangu pale uani kama mama wa bwana harusi.

Ulipopoa nikauweka tangini. Kekundu kalikuwa kamelala ubavu karibu na juu, kakihema. Kakauzunguka mzizi mara moja, kisha kakaingia kwenye kipango. Mweusi akakafuata mbio, akagota kichwa mlangoni. Akajaribu upande wa pili. Wapi! Wanasema mwenye nguvu mpishe, lakini mnyonge hawamwambii apishe aende wapi. Sasa haka kalikuwa na pa kwenda.

Jumamosi kinyozi, ambaye mume wangu alikuwa ameshamwita, akaja na mwenzake wa kusaidia kubeba. Mume wangu akainama kwenye kioo. "Mbona sikaoni? Kako wapi?"

Hata mimi sikuwa nimekaona tangu asubuhi. Nikadondosha chembe chache za chakula. Hakakutoka. Mweusi akapanda kuzila. Ndipo kekundu kakachomoka chini ya mzizi, kakadaka chembe mbele ya pua ya mweusi, kakarudi ndani.

"Ala!" akasema mume wangu. "Hebu weka tena."

Nikaweka tena. Kakatoka tena. Akavuta kiti chake, akaipa televisheni mgongo, akaketi.

"Mzee, tubebe?" kinyozi akauliza kutoka mlangoni.

Mume wangu hata hakugeuka. "Mbebe nini? Kwani hamwoni mtoto anakula?"