Neno la Wimbo wa Nne

Juzi nilikuwa Ifakara kwa kaka yangu. Binti yake akawasha simu, zikalia nyimbo za kundi la wasichana wa Kikorea, albamu ile ile niliyoikariri nikiwa darasa la sita. Siku hizi simu inatafsiri maneno. "Shangazi, kumbe komawo ni asante," akaniambia. Nikaomba maji ya kunywa, kisha nikamwomba aurudie wimbo huo.

Enzi hizo niliishi na bibi, mama yake baba. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa Kidatu, ana mke mwingine, na kwa yule mama sikuwa hata na godoro. Jirani yetu msusi ndiye aliyekuwa na albamu hiyo, kwenye kiredio cha kuchomeka memori kadi. Nyimbo kumi, zote nilizishika kwa masikio tu, bila kujua maana ya neno hata moja.

Jumamosi moja tunapepeta mchele, perege wanachemka jikoni, bibi akaniambia nikapumzike, atamalizia mwenyewe. Nikainuka huku naimba wimbo wa nne: komawo, komawo. Bibi akaweka ungo chini.

"Unamwambia nani akome?"

Nikasema ni wimbo. Akauliza maana yake, sikuwa nayo. Basi akasema kama nimeshaanza kumtukana, Jumatatu nitapanda gari la asubuhi nirudi kwa baba.

Wewe acha tu, nikaanza kumsaka wa kunieleza maana. Mwalimu, nilipomvizia baada ya misa, alisema labda hicho ni Kichina. Msusi alicheka, akasema nyimbo zote hizo ni za mapenzi, na hilo nisingethubutu kumwambia bibi. Nikaanza kuogopa kwamba kweli ni tusi.

Jumapili jioni nikakuta nguo zangu zimeshafungwa kwenye kanga. Bibi akataka niuimbe wimbo wote, polepole. Niliimba nalia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kufungua lile fundo.

"Huyo mwimbaji hatukani mtu," akasema. "Ila hilo neno humu ndani nisilisikie tena."

Nikatii. Sasa nyumba imeuzwa, msusi alihama, kiredio sijui kiliishia wapi. Bibi aliugua muda mrefu mikononi mwangu, na nilipokuwa namwogesha alipenda nimwimbie nyimbo zangu za kigeni. Nilimwimbia tisa, mpaka alipofariki. Ule wa asante niliuruka kila mara, kwa kumheshimu.