Kaniki Ndani ya Injini

Injini inayovuja oili ni mwongo mkubwa. Inakuonyesha tone chini ya sampu, lile beseni la oili tumboni mwa injini, nawe unalala chini ya gari na kukaza bolti za sampu mpaka mkono unauma, kumbe oili imetokea juu kabisa, ikateremka, ikasukumwa nyuma na upepo, ikajikusanya pale ilipopenda. Kila fundi aliyefanya kazi nami nilimwambia hivyo: usitazame panapodondoka, tazama palipolowa kwanza, juu na mbele. Nilikuwa najisikia sana nikiyasema maneno hayo. Leo nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi.

Zama za Mwingereza nilikuwa fundi wa magari kwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha. Lori letu lilikuwa la dizeli, kuukuu, na kazi yake ilikuwa kupanda vilima vya Kisarawe kuleta kuni za shamba. Dereva wake alikuwa Mnyamwezi. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, basi tulikuwa watani. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkeo na kukulia wali wako, na ukikasirika wewe ndiye mjinga.

"Mzaramo, umeamka? Nilidhani ngoma imekulaza porini," aliniambia kila asubuhi.

"Tua mzigo kwanza, Mnyamwezi, ndipo usalimie," nilimjibu.

Siku moja lori lilirudi limelowa oili upande mmoja. Nilikuwa na njia yangu ya kutafuta mvujo, na nilijisifia kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Naiosha injini kwa mafuta ya taa na ndoo za maji ya sabuni, naiacha ikauke, kisha nainyunyizia unga wa muhogo mpaka inakuwa nyeupe yote. Nikiiwasha, mahali pa kwanza unga unapogeuka rangi ndipo penye ugonjwa. Unga nilimwomba mke wangu. Alinung'unika kwamba kumbe hata magari sasa yanakula ugali, lakini alinipa, na kaniki yake iliyochakaa juu yake nichane matambara.

Injini ya dizeli huhema. Moshi unaopenya kandokando ya pistoni lazima upate pa kutokea, ndiyo maana ubavuni pana bomba la kupumulia lenye kofia ya bati. Ili maji yasiingie, niliivua kofia, nikashindilia kipande cha kaniki bombani, nikairudisha kofia mahali pake. Nikaosha, nikanyunyiza unga, nikawasha kidogo tu. Alama ya kahawia ikatokea kwenye kona ya kifuniko cha juu. Gasketi yake, karatasi nene ya kuzibia maungio, ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kigae. Nikakata nyingine, nikaifunga, nikafuta unga.

Bwana meneja, Mzungu aliyekuwa juu yetu sote, alipitisha kidole kwenye injini, kidole kikatoka kikavu. Akasema nikiendelea hivyo atanifanya fundi mkuu na kunipa nyumba ya bati iliyokuwa wazi. Nilikwenda nyumbani natembea kama mwenye mali.

Kaniki ilibaki bombani. Kaniki nyeusi, bomba jeusi, na kofia juu yake. Mimi nililijua baadaye, lakini wewe lijue sasa.

Haikupita wiki, lori likaanza kulia oili kila mahali. Nikabadilisha gasketi ya sampu. Ikatokea mbele, kwenye puli. Nikaziba mbele, ikatokea nyuma mpaka klachi ikaanza kuteleza. Nikashusha giaboksi nzima, nikabadilisha sili ya kranki, ile pete inayozuia oili nyuma ya injini, nikarudishia. Ikatokea juu tena. Injini iliyonyimwa pa kuhemea hutafuta mlango wake yenyewe, na kila mlango nilioufunga, ilifungua mwingine. Kanuni hiyo niliijua vizuri. Lakini safari hizo sikumwaga maji, niliosha kwa brashi na mafuta ya taa tu, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuigusa ile kofia.

Aliyeligundua ni dereva. Alikuja karakana ameshika kifuniko cha kutilia oili.

"Mtani, hii injini imevimbiwa," akasema. "Nikifungua hapa inanipulizia moshi usoni. Zamani haikuwa hivi. Kuna mahali pameziba."

Alikuwa amesema kweli tupu, neno kwa neno. Nami nikacheka.

"Mnyamwezi, babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, injini unaijulia wapi? Kaendeshe gari lako."

Akacheka na yeye, kwa sababu ndivyo ilivyotupasa. Laiti angekuwa Mmakonde, Mngoni, mtu yeyote asiye mtani wangu, ningemsikiliza. Hilo linanikereketa mpaka leo.

Siku ya tatu lori lilimaliza oili kwenye kilima cha kuingia Kisarawe. Injini ikakwama, lori likavutwa na trekta hadi Kibaha. Meneja aliniita ofisini, dereva amesimama pembeni yangu na kofia mkononi. Meneja akauliza swali moja: kosa ni la fundi au la dereva? Nilijibu kwamba mimi nimeziba kila mahali, labda gari linakimbizwa mno vilimani. Nilisema "labda". Neno hilo nimelishikilia miaka yote kana kwamba linaniokoa.

Dereva alifukuzwa papo hapo. Akaambiwa akae kwenye benchi nje, karani amwandikie barua yake. Bila barua ya mwajiri wa mwisho hakuna aliyekupa usukani, na yake ilikuwa inaandikwa kwamba ni mharibifu wa magari.

Mimi nikaenda kuifungua injini. Nilianza na ile kofia ya bati kwa sababu ilikuwa karibu tu. Niliona pindo la kaniki. Nililijua, mke wangu alilishona kwa uzi mwekundu. Nikalivuta, likatoka limelowa oili, linanuka.

Kutoka karakana hadi lile benchi hapakufika hatua hamsini. Nilimwona amekaa, miguu ameinyoosha, anamtania karani kupitia dirishani. Karani alikuwa hajamaliza kuandika. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea. Nikafikiria nyumba ya bati. Nikakitia kitambaa mfukoni, nikaendelea kufungua bolti, na nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu.

Nilipewa nyumba. Mvua ilipopiga juu ya bati nilikuwa nakosa raha, na mke wangu alifikiri ni makelele.

Dereva alitafuta usukani huku na huku, kila mwajiri akaisoma barua, akamkataa. Mwisho akaoa mwanamke wa Masaki, Kisarawe, akawa mchoma mkaa. Nilimfuata huko baada ya miaka kadhaa, sikuweza tena kuvumilia. Nilimkuta amesimama kando ya tanuri, macho mekundu kwa moshi. Sikuzunguka. Nikamwambia: mimi ndiye niliyeliziba bomba, nikakiona kitambaa ungali kwenye benchi, nikanyamaza.

Alinitazama. Kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Mzaramo wewe! Umetoka Kibaha kuja kunitania hili tu? Mama watoto, njoo umsikie mtani wangu!"

Niliapa. Alivyozidi kucheka ndivyo nilivyozidi kuapa, na nilivyozidi kuapa ndivyo alivyonisifu kwamba utani wangu umekomaa. Nikala wali wake, nikarudi.

Alikufa kabla Mwingereza hajaondoka, kwa kifua. Mtani msibani ana kazi yake: amwigize marehemu, amseme vibaya, waliofiwa wacheke kidogo. Wazaramo tulikuwa wengi, lakini wote walinisukuma mimi mbele kwa sababu ndiye niliyemjua zaidi. Nilisimama kando ya kaburi. Sikuwa na utani wowote kichwani. Nikakitoa kile kitambaa, maana sikuwahi kukitupa, nikakinyanyua, nikasema yote: bomba, benchi, nyumba ya bati. Machozi yakanitoka.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mjane alitoka kuniaga huku anajifuta macho, akasema, "Shemeji, hata leo hukumwachia."

Njiani kurudi, watani wenzangu walikuwa bado wanarudia kile kilio changu, wakisema tangu wazaliwe hawajaona mtu aliyemzika mtani wake vizuri namna ile.