Mwanamke wa Taarifa ya Saa Moja

Bathsheba Nyatichi alikuwa amechoka kueleza. Kila mwandishi aliyefika Ntimaru alitaka aanze mwanzo: jinsi muuzaji wa laini za simu alivyopiga picha kitambulisho chake sokoni, akampiga picha na usoni, kisha akamwambia mtandao umekataa. Miezi kadhaa baadaye polisi walimchukua kibandani kwake, katikati ya magunia ya mahindi, wakisema namba yenye jina lake imetapeli watu.

Alilala seli. Mumewe, Omanga, alihangaika hadi mchungaji wao wa Kisabato akampa namba ya shirika dogo la Homa Bay linalotetea haki za watu mitandaoni. Akaja afisa wao, Mourine, pamoja na wakili, na kesi ikaondolewa. Bathsheba akadhani yameisha.

"Mama Joash," Mourine alimwambia wakitoka kortini, "wako wengi wamefanyiwa hivi na hawajui pa kwenda. Ukisema kwa gazeti, watatujua."

Angekataaje? Watu hawa walikuwa wamemtoa ndani. Akasema kwa gazeti, kisha kwa lingine. Wa televisheni walitaka kuja Sabato. Alipokataa, wakaja Ijumaa mbio mbio. Aliongea nao kando ya mashine ya kupukuchua mpaka koo likamkauka.

Jumapili jioni jirani wakajaa sebuleni kutazama taarifa ya saa moja. Mkurugenzi wa shirika aliongea kwa kirefu, jina la shirika likiwa limeandikwa vizuri nyuma yake. Halafu akaonekana Bathsheba akipepeta mahindi, bila sauti. Chini yake paliandikwa: Mshukiwa wa utapeli wa simu.

Omanga alizima televisheni. Jirani waliaga mmoja mmoja.

Kesho yake mteja wa Bathsheba wa siku nyingi, mama wa kutoka upande wa Tanzania, alisimama mlangoni pa kibanda na magunia yake matupu. "Nimekuona kwa TV," alisema. "Wacha kwanza nizunguke." Hakurudi.

Bathsheba akampigia Mourine.

"Niliona," Mourine alisema. "Nimewasumbua tangu jana. Wanasema watarekebisha ile ya mtandaoni."

"Na wenye walishaona?"

Mourine akasema kwa sauti ya chini, "Mkurugenzi amefurahi. Wafadhili huuliza tumetajwa wapi."

Wiki iliyofuata Mourine alikuja mwenyewe, viatu vimejaa vumbi la njia yote kutoka Homa Bay. Akakaa juu ya gunia bila kukaribishwa, kama mtu aliyeishiwa nguvu. Kituo kingine kilikuwa kinamtaka Bathsheba.

"Nimechoka kuwa mfano, dada. Nyinyi mnatajwa, mimi naogopwa."

"Najua. Nilitumwa tu."

Bathsheba akasema kwamba kama ni lazima aongee tena, ataongea kwenye redio ya huku, kwa Kikuria, moja kwa moja hewani, mahali ambapo hakuna wa kumkata.

"Hiyo Nairobi haisikiki," Mourine alisema.

"Nairobi hawanunui mahindi kwangu."

Mourine akacheka kidogo, kicheko cha uchovu, na akampeleka. Mtangazaji, mzee Elkanah, alimpa kipaza sauti akamwacha. Bathsheba alieleza yote kwa mara nyingine, polepole, hadi siku hakimu aliposema yuko huru. Mourine, Mjaluo asiyejua Kikuria, aliketi pembeni akisikia tu jina la shirika lake likipita mara moja, na namba ya simu.

Simu zikaanza kuingia. Mwanamke wa Kegonga alisema naye alipigwa picha hivyo hivyo, na tangu hapo anadaiwa mkopo asioujua. Mwingine alianza kueleza, akalia, akakata.

Mama wa Tanzania hakurudi, ila wateja wengine walirudi. Jirani mmoja alikuja kuomba msamaha. Bathsheba akamkaribisha chai, wakaongea habari za mvua. Waandishi nao hawakuacha kupiga. Omanga ndiye aliyepokea, akasema mama hayuko, huku mama amekaa papo hapo anapepeta.

Mwezi uliofuata Mourine alipiga. Mkurugenzi alitaka sura mpya kwa ajili ya gazeti, na yule mwanamke wa Kegonga alionekana anafaa.

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Muulize," Bathsheba alisema. "Lakini kwanza umwambie yaliyonipata mimi. Yote, mpaka maandishi ya chini."

"Nitamwambia," Mourine akasema, na akamwomba ayarudie maandishi yale ayaandike.