Makaburi Mawili Karibu na Ua

Mama yake Bathsheba Nyanchoka, Kemuma, alifariki Bathsheba akiwa hajaanza hata kutembea. Baba hakuwa ametoa mahari, kwa hiyo wazee wa ukoo wakakataa katakata marehemu azikwe kwenye boma lao. Mapadri ndio waliomsitiri, katika makaburi ya misheni, ng'ambo ya mashamba ya chai ya Nyacheki.

Bathsheba alizeeka akichuma chai na jambo hilo likimkaa kooni. Mwaka huu ndugu zake wa kambo walilegeza moyo. Ng'ombe wa mahari wakapelekwa kwa wajomba, kibali cha kufukua kikapatikana, kaburi jipya likachimbwa kando ya migomba. Yeye akatangulia misheni kumtafuta mama.

Katekista Bosire alimfungulia lango. Mawe ya makaburi ya mapadri yalikuwa ya saruji, majina yao bado yanasomeka. Ya wenyeji yalichongwa kwa jiwe la sabuni kutoka Tabaka, jiwe laini, na mvua za huku zilikuwa zimeyalamba miaka nenda miaka rudi.

Bathsheba alipiga magoti kwenye nyasi. Alikwangua kuvu kwa kucha, akamwaga maji, akapaka jivu ili herufi zijitokeze. Jiwe baada ya jiwe lilikuwa tupu. Karibu na ua ndipo alipoona: KEM.

"Kemuma! Ni yeye!"

Bosire alisogeza nyasi kwa mguu. Alimwonyesha jiwe la pembeni yake. Nalo lilikuwa na KEM, basi.

"Mama, hapa amelala Kemuma, na amelala Kemunto. Yupi ni yupi, sijui. Waliojua wameshatangulia."

"Basi tufukue yote mawili."

"Kemunto ana watu wake, mama. Padri hatakubali."

Aliketi katikati ya makaburi hayo, asijue ampe nani mgongo.

Jioni nyumbani, kaka yake wa kambo, Ombui, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shimo halilali wazi, dada. Litamwita mwingine wetu kaburini."

Akakata mgomba. Wakaliviringisha shina lake kwa shuka jipya lililokusudiwa mifupa, wakalishusha shimoni badala ya mama. Wanawake waliokuja kuomboleza walitazamana. Mmoja akaanzisha wimbo, ukamfia mdomoni.

"Tupa udongo, Bathsheba."

Alichota udongo, mkono ukakataa kufunguka. Ombui akawaashiria vijana waendelee. Walifukia, wakashindilia kwa miguu, wakaenda kunawa. Bathsheba alibaki amesimama, ngumi yake imejaa udongo.