Maghala Kumi na Moja ya Bingwa

Ofisini walimwita Bingwa, na jina lile alilivaa hata lilipombana. Yeye ndiye mkuu wa kitengo, na ndiye aliyejenga tovuti ambayo wagonjwa hupangia miadi ya kliniki. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu, aliutawanya kwenye maghala kumi na moja ya mtandaoni, na utaratibu wa kuyawasha aliuhifadhi mahali pamoja tu, kichwani mwake. La tisa litangulie la nne. Kwa nini? Thubutu umuulize. Kila mwajiriwa mpya alikaa wiki mbili kando ya meza yake, mikono mapajani, akisubiri mheshimiwa amalize chai.

"Kazi hii si lelemama, mdogo wangu," angesema, huku akipuliza kikombe.

Akaja binti mmoja, mwanaprogramu asiye na makuu. Naye alikaa wiki zake mbili, ila aliandika kila alichoambiwa. Mwezi haukuisha, maghala kumi na moja yakawa moja, lenye amri moja tu: washa. Unaandika neno hilo, unajibu swali moja, na tovuti nzima inasimama kwenye kompyuta yako.

Bingwa alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Dada, hiki ni kigari cha watoto wanaojifunza kutembea." Akaapa hatakigusa.

Haya. Aliye juu mngoje chini, na safari hii hakuna aliyengoja sana. Siku ya kuwaonyesha wakuu wa kliniki tovuti ile ili waamue kuendelea na mkataba, kompyuta ya Bingwa ilikufa asubuhi. Akapewa mpya, tupu. Meneja hakumung'unya maneno: wageni wakiondoka bila kuona kitu, kitengo kitapata mkuu mwingine.

Kufika saa sita, ghala la saba lilikuwa limemgomea mara tisa. Alijishika kichwa, kile kile kilichohifadhi kila kitu, asipate kitu. Saa nane wageni wakaketi.

"Kaka, tutumie yangu, iko tayari," binti alimnong'oneza mlangoni.

"Niache, dada. Nilianza mambo haya hujajua hata kushika kipanya."

Lakini alipoketi, Bingwa alilipakua ghala la binti kwa siri, akaunganisha kompyuta yake mpya na skrini kubwa ya ukutani, akasali kimoyomoyo, akaandika: washa. Ukuta ukamwuliza, mbele ya watu wote: Je, wewe ni mgeni kwenye mradi huu?

Akaandika hapana. Kiburi hicho.

Vizuri, ukuta ukajibu. Endelea kwa njia unayoijua. Ukanyamaza.

Meneja akakohoa. Bingwa akaandika washa tena, swali likarudi lile lile. Safari hii alibonyeza herufi mojamoja, mithili ya mtu anayeng'olewa meno: ndiyo. Tovuti ikasimama, nzima, na miadi yake yote.

Mkuu wa kliniki, bibi mmoja mpole, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mkataba tunaendelea nao," alimwambia meneja. "Ikiwa hata mgeni wenu ameweza, sisi tutashindwa vipi? Na mumtunze kijana huyu. Ana bidii."

Bingwa akasema ahsante.