Upande wa Pili wa Santuri

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya soko la Kanyangi, hasira ilikuwa mali ya baba, na aliyeilipia ni mama. Nilipokua nikaamua kwamba kama hasira ni urithi, basi nami nitachukua fungu langu.

Santuri ninayotaka kuisimulia ilitoka mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa msichana wa darasa la saba. Bendi yenyewe ilikuwa ya vijana wa huku kwetu, watu wa kupiga dansi kwenye baa za sokoni. Kiongozi wao akaamua, sijui ni bangi au ni akili, kutia ndani ya albamu moja magita ya dansi, sauti za akina mama wa kwaya, na ngoma za kilumi. Kwa asiyejua, kilumi ni ngoma ya wanawake wazee. Hupigwa mvua ikikataa kunyesha, au mtu akisumbuliwa na pepo. Aliyeokoka haisogelei. Kuichanganya na nyimbo za kanisani ilikuwa kama kumwalika fisi harusini.

Basi hakuna aliyejua ni muziki gani ule. Watu wa baa walisema ni wa kanisa, watu wa kanisa wakasema ni wa shetani. Mtangazaji wa redio alishindwa kuamua kama aupige kwenye kipindi cha salamu au aungoje Jumapili, akauacha kabisa. Lakini watu waliupenda hadi wakaumizana. Kule Tawa, kwenye harusi moja, shemeji wawili walikatana kwa panga kwa sababu mmoja alitaka santuri iondolewe na mwingine alitaka irudiwe. Hapo kwetu Kanyangi vijana wa kanisa walipasua kwa mawe spika ya duka lililokuwa linaipiga. Nilikuwepo. Mawe mengine niliwarudishia, na moja lilimpata yule niliyemkusudia.

Sauti iliyoongoza wimbo mrefu kuliko zote ilikuwa ya mama yangu.

Mama alikuwa nguzo ya kwaya ya kanisa letu, lakini bibi yake alikuwa mpigaji wa kilumi, na mambo yote mawili alikuwa nayo kooni. Yule kiongozi wa bendi alimsikia akiimba matangani, akamfuata. Mama alimwambia baba kwamba anakwenda Machakos kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, kumbe amekwenda Nairobi na bendi kurekodi. Aliporudi hakusema kitu. Ila kwa miezi kadhaa alipika akicheka peke yake, nami nikadhani ana mimba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya soko alikwenda dukani kununua misumari, akaisikia ile sauti kwenye spika mpya. Mume hahitaji kuambiwa sauti ya mkewe. Alirudi nyumbani bila misumari.

Mama alikuwa uani anapepeta mbaazi. Baba alipita karibu naye kana kwamba hamwoni, akaingia ghalani, akatoka na mpini wa jembe. Hakuuliza swali hata moja. Alilenga mdomo. Hilo nataka lieleweke, maana watu walimtetea wakisema alipandwa na hasira akapiga ovyo. Hakupiga ovyo. Mama alipofunika kichwa kwa mikono, baba alimtoa mikono kwanza, kisha akapiga tena palepale. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata bega hadi nikahisi damu yake mdomoni mwangu. Alinitupa ukutani. Majirani walikuja wakasimama kwenye ua wa minyaa, wakasema hayo ni mambo ya nyumba.

Taya lilivunjika. Hospitalini walimfunga waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Na hata kabla waya haujatolewa, kanisa lilimwita atubu mbele ya watu wote. Alisimama pale na kitambaa kichwani, mdomo umefungwa hawezi kutoa neno, basi mchungaji akatubu kwa niaba yake. Baba aliombewa pia. Aliombewa nguvu, kwa sababu ya jaribu lililompata.

Kiongozi wa bendi alikuwa amemtumia mama santuri yake moja. Sisi hatukuwa na gramafoni, kwa hiyo mama alikuwa ameificha chini ya godoro akingoja nafasi. Baba aliipata. Siku ya mkutano wa uamsho, waliookoka walipoleta tumbaku, shanga na hirizi zao kuchomwa, yeye alileta ile. Mama aliiangalia ikijikunja motoni. Alikuwa ameimba wimbo ambao wilaya nzima iliujua, na mwenyewe, aliyekuwa akilikwepa lile duka asije akajulikana, hajawahi kuusikia.

Taya lilipona likiwa limekaa upande. Tangu hapo mama alizungumza kama mtu mwenye chakula mdomoni, na kuimba kukaisha. Sijamsamehe baba, na wale wanaoniambia kusamehe ni dawa huwa nawauliza wao wamevunjwa nini.

Miaka ikaenda. Niliolewa Tawa, na mume wangu aliponiinulia mkono mara ya kwanza nilimpiga na pasi ya makaa, ikawa ndiyo mara ya mwisho. Nikarudi Kanyangi, nikafungua kibanda cha kushona nguo. Kufikia miaka ya tisini watu walikuwa wanasikiliza kaseti, bendi ilikuwa imetawanyika, na ile santuri ikawa haionekani tena. Hapo ndipo walioipenda walipoanza kuitafuta kama mbuzi aliyepotea. Siku moja mteja aliyeleta suruali kupunguzwa akaniambia kuna mwenye bucha kule Ikutha aliyebaki nayo. Jumamosi mchana, watu wakishauza ng'ombe, mashabiki hukutana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli iliyo karibu na bucha wakaisikiliza.

Singeweza kulala na habari hiyo. Mama alikuwa ameanza kuzeeka, masikio yalikuwa bado mazima, na nilitaka ajisikie kabla hajafa. Ni hilo tu. Nilipomwambia, alichukua kitambaa akapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. Kisha akaenda kumwambia baba kwamba tunakwenda kumwona dada yake, ni mgonjwa.

Ikutha tuliwakuta mashabiki wamejaa kwenye mabenchi, na ugomvi umeshaanza kabla ya muziki. Mwenye bucha, mtu wa shingo nene aliyekuja na aproni yake ya damu, alisema ile ni dansi na anayebisha hajui gita. Mwalimu mmoja wa kwaya, mtu aliyeokoka lakini mwenye kuipenda santuri kwa siri, alisema magita ni ya kusindikiza tu, wimbo ni wa kanisa. Pembeni alikaa susu mmoja, nyanya mkongwe aliyekuwa mpigaji wa kilumi tangu usichana wake. Aliwasikiliza wote wawili, akatema mate chini. Hakuna aliyemjua mama. Nilipofungua mdomo niwaambie, alinifinya paja, nikanyamaza.

Sasa, wimbo ule mrefu unaanzia mwisho wa upande wa kwanza wa santuri na kumalizikia upande wa pili. Kilumi haikatwi katikati. Ikikatwa, aliyepandisha pepo anabaki njiani, huku hayupo na kule hajafika. Mkamba yeyote anajua. Lakini fundi aliyewarekodi Nairobi hakuwa Mkamba, na upande wa kwanza ulipojaa aliikata ngoma kama mtu anayekata kitambaa, mabaki akayaweka nyuma. Kwa hiyo mashabiki walikuwa na kanuni yao. Mmoja husimama karibu na gramafoni, na sindano ikifika mwisho anageuza santuri mara moja, na hakuna wa kusema neno hadi ngoma irudi. Siku hiyo mgeuzaji alikuwa mwenye bucha.

Santuri ikawekwa. Magita yakaanza, kisha kwaya, na ndani ya kwaya nikaisikia sauti ya mama ikiwa bado imejificha kati ya wenzake. Mama aliinamisha kichwa. Ule wimbo mrefu ulipoanza, zikaingia ngoma peke yake, na susu akasimama. Mabega yalianza kumtetemeka, kisha mwili mzima, macho yakageuka meupe. Alikuwa amepandisha. Na hapo ngoma ikakatika.

Mwenye bucha aliinyakua santuri aigeuze. Mwalimu akamshika mkono.

"Ngoja kwanza," mwalimu akasema. "Huyu susu ana pepo. Lazima tumwombee."

"Ukimwacha hapo utamuua. Nipishe."

"Sitaki damu yake iwe juu yangu," mwalimu akasema, akamnyang'anya santuri.

Mwenye bucha alimpiga ngumi ya pua. Nilisikia mfupa. Benchi likaanguka na watu wake, na kabla sijasimama chumba kizima kilikuwa kimegawanyika, wa dansi na wa kanisa, watu wazima wenye wajukuu wakipigana kama majogoo. Mmoja alivunja chupa ya soda kwenye meza akaishika shingo. Mwingine alikuwa anamkanyaga mwenzake tumboni huku akimwita ndugu. Susu alikuwa sakafuni, miguu inapiga udongo, anakoroma, na hakuna aliyemtazama. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, damu inamshuka hadi kwenye tai, na santuri ameinyanyua juu kwa mikono miwili. Alikuwa anapiga kelele kwamba heri aivunje kuliko igombanishe watu wa Mungu.

Mimi hutembea na makasi yangu ya kazi kwenye mkoba. Niliyatoa nikamwekea kooni, pale penye ngozi laini.

"Mwalimu," nikamwambia, "ukiivunja hiyo, hutaimbisha mtu tena."

Alinitazama akaona sitanii. Kwa kweli sikuwa natania, na hadi leo sijuti. Akaniuliza kwa pumzi ndogo inanihusu nini.

"Anayeimba upande wa pili ni mama yangu. Ni yule pale. Hajawahi kujisikia."

Waliokuwa karibu waligeuka, kisha wa nyuma yao, hadi wote wakawa wanamwangalia mama. Ni yeye peke yake aliyebaki ameketi. Waliona lile taya. Sikuhitaji kueleza, kila mtu Ukambani anajua taya la mwanamke huvunjwaje. Aliyeshika chupa aliiweka chini. Mwenye bucha akaichukua santuri mikononi mwa mwalimu, akafuta damu kwa upande safi wa aproni, akaigeuza.

Ngoma zikarudi. Susu alitulia, akavuta pumzi ndefu, akakaa kama mtu aliyeamka usingizini. Kisha sauti ya mama ikaingia.

Nililia. Sitaficha. Ilikuwa sauti ya mwanamke mchanga asiyemwogopa mtu, inapanda juu ya magita, inashuka hadi kwenye ngoma, inatoka tena upande wa kanisa bila kugonga mlango. Nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimezoea ile nyingine ya kutafuna maneno hadi nikadhani ndiyo mama. Yeye alisikiliza na kiganja kwenye taya lake. Mahali fulani aliinua kidole.

"Hapo niliingia mapema," akasema.

"Mwaitu," mwenye bucha akamjibu kwa heshima, "mama yetu, miaka yote hii hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

Ulipokwisha, mwalimu alimsogelea na pamba puani. Akamwuliza kwa adabu, ili mabishano yaishe, ule ulikuwa wimbo wa aina gani.

"Wa kuimba," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Twende. Baba yako hajala."

Walitusihi tubaki, warudie. Alikataa. Njia nzima nilikuwa nimevimba kwa hasira, natamani kumwuliza huyo baba ana nini hata ale. Sikumwuliza, kwa kuwa uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Tulifika jua likizama. Mama alisonga ugali, akapasha kunde moto, akamwekea baba mezani, akamnawisha mikono kama kawaida. Nilisimama mlangoni. Baba alikata tonge.

"Dada yako anaendeleaje?" akauliza.

"Sikwenda kwa dada yangu. Nilikwenda kujisikiliza. Ulivunja kitu kizuri."

Baba alikunja uso, tonge mkononi. "Unasema nini? Sema vizuri, sisikii."

Mama alivuta kigoda chake hadi magoti yao yakagusana, akarudia polepole, neno moja moja, na baba alipodai tena kwamba hasikii akarudia tena, hadi akasikia.