Nati ya Mwisho ni ya Mwenye Gari

"Mjomba, ukiwafundisha watu wote kutengeneza magari yao, wewe utakula nini?"

Aliyeuliza alikuwa na miaka minane, amekaa juu ya tairi kuukuu, miguu haijafika chini. Mjomba wake alikuwa chini ya gari, na kilichoonekana ni viatu vyake tu. Viatu vilitulia kidogo, kana kwamba vinafikiri. Kisha sauti ikatoka huko chini: "Hebu nipe hicho kitambaa." Akapewa kitambaa. Jibu hakulitoa.

Na lilikuwa swali la haki kabisa. Mjomba alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa yadi ndogo yenye bati upande mmoja. Ukutani zilining'inia spana, kuanzia ile ndogo kama kidole hadi ile nzito ya kubebwa kwa mikono miwili, na nyuma ya kila moja alichora umbo lake kwa rangi nyeusi. Spana ikikosekana, ukuta wenyewe unamwambia ni ipi. Mafundi wa gereji za jirani hawakuucheka ukuta huo. Walichokicheka ni sheria yake: nati ya mwisho hufungwa na mwenye gari. Awe dereva wa lori, awe bibi aliyevalia kwenda arusini, gari halitoki mpaka mwenyewe ashike spana. Na kabla ya hapo atasimama mbele ya boneti lililo wazi aoneshwe kilichokuwa kibovu, kwa nini kiliharibika, na siku nyingine afanye nini kabla ya kupiga simu.

Ndiyo maana wakamwita Mwalimu Spana. Wengine kwa heshima, wengine kwa kumkebehi.

"Mwalimu, leo kuna mtihani?" mtu angeuliza akiingia getini.

"Upo. Na wa mwaka jana bado unakudai."

Mwanafunzi wake bora alikuwa mama mmoja mkunga, wa kliniki ya upande wa pili wa mji. Siku ya kwanza alikuja macho yamemjaa machozi, kigari chake cheupe kinavutwa kwa kamba, naye ana hakika kimekufa. Kumbe ni waya wa plagi uliolegea. Mwalimu Spana alimwonesha, akamfanya auchomoe na kuurudisha mara tatu. Mwaka haukuisha, mkunga akawa anabadilisha plagi mwenyewe, mikono ya sare imekunjwa hadi kwenye viwiko. Plagi moja ilipogoma, fundi alitaka kumsaidia. Mkunga akamsogeza kwa nyonga.

"Kaa pembeni, Mwalimu. Kutoa vilivyokwama ndiyo kazi yangu."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta.

Miaka ikaenda, na magari yakabadilika polepole, kama mtu anayehama mtaa bila kuaga. Ukifungua boneti unakutana na plastiki nyeusi, pana, haina hata alama. Ukiitoa hiyo, chini yake kuna nyingine. Siku moja aliletewa gari lililoungua balbu ya taa ya mbele, kazi ya dakika tano tangu alipoanza ufundi. Ilimlazimu atoe bampa nzima. Alimaliza jua linazama, na mwenye gari, aliyesimama pale mchana kutwa akisubiri somo, akasema kwa upole, "Mwalimu, hili mimi siwezi kulirudia nyumbani." Kidogo kidogo watu wakaanza kwenda kule kwenye milango ya vioo, unakokaa kwenye kiti na kuitwa kwa namba, na gari unaletewa likiwa limefungwa vilevile ulivyoliacha. Yadi iliyokuwa na magari sita kwa wakati mmoja ikabaki na mawili, wakati mwingine moja na pikipiki.

Kisha na kile kigari cheupe kikaoza sakafu. Mkunga akanunua gari jipya kidogo, la kuwashwa kwa kitufe. Alilileta lionekane. Fundi alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anayemkagua mkwe.

"Limefungwa kama sanduku la benki," akasema.

"Tutalifungua. Nitajifunza na hili, si wewe upo?"

Maneno hayo yalimpendeza, kisha yakamkaa kifuani. Mkunga alikuwa wa mwisho katika wale wanaokuja kufunga nati yao bila kuitwa. Naye akienda kwenye milango ya vioo, gereji itabaki mahali pa kuziba pancha, na ile sheria itakuwa kichekesho cha mtaa.

Asubuhi moja simu ikalia. Ni mkunga, sauti imeshuka.

"Mwalimu, nimeliua."

Alikwenda na boksi lake la vifaa. Akalikuta gari uani kwa mkunga, taa zote za dashibodi zinawaka pamoja, usukani umekaza, na kitufe kikibonyezwa hakuna kitu. Huko kliniki kina mama walikuwa wameshapanga foleni. Mkunga alimwomba mwenzake amshikie zamu. Fundi akafungua boneti, akaangalia plastiki, plastiki nayo kama inamwangalia yeye. Alijaribu alichokijua, na alichokijua kiliisha upesi.

"Hebu nieleze tangu mwanzo," akasema. "Usiruke kitu."

"Jana taa ya njano iliwaka. Leo nikasema niizime ulivyonifundisha. Nikazima gari. Nikavua waya wa betri, nikahesabu mpaka mia tatu, nikarudisha."

"Ulizimaje?"

"Nilibonyeza. Injini ikanyamaza."

"Na ufunguo?"

"Mkononi. Niliushika hivi." Akaonesha. "Si ulisema, ufunguo ukiwa mkononi mwako, gari limelala?"

Fundi akautazama ule ufunguo, kidude cha plastiki kisichoingia popote. Gari la namna hii ufunguo wake uko mkononi au mkobani siku zote, hata likiwa barabarani. Akainama kuangalia gia. Haikuwa imerudishwa mahali pa kuegeshea. Kitufe kilizima injini tu. Mengine yote yalibaki macho, na mkunga aliuvua waya gari likiwa linamtazama.

Hakuwa amekosea hata hatua moja. Alifuata somo neno kwa neno, na somo lilikuwa la gari lingine.

Fundi akaomba waite fundi wa kompyuta.

Fundi wa kompyuta akaja, kijana nadhifu, mikono haina hata doa. Akachomeka waya chini ya usukani, akafungua mashine yake mapajani, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Unafanya nini hapo?" Mwalimu Spana akauliza.

"Narudisha kumbukumbu, mzee. Gari limesahau ufunguo wake."

"Umebonyeza nini?"

"Ndiyo."

"Nauliza umebonyeza nini."

"Si hiyo 'ndiyo', mzee. Inauliza, mimi nabonyeza ndiyo. Huko ndani inafanyaje, hata mimi sijui. Nalipia mashine kila mwaka ili iendelee kuniuliza."

Taa zikazimika moja moja. Usukani ukalegea. Kijana akataja bei, na bei ilikuwa sawa na fedha zote ambazo mkunga alimlipa Mwalimu Spana mwaka mzima uliopita. Mkunga akahesabu, akabakiza sarafu. Kijana akawa anakunja waya wake.

"Lakini mama, haya magari si ya kuguswaguswa. Nani alikudanganya uvue betri?"

Mkunga akatazama chini. "Ni mimi tu. Nilikosea mahali, sijui wapi."

Alikuwa amempa fundi mlango wa kutokea, uko wazi kabisa, na bila hata kujua. Fundi angeweza kufunga boksi lake tu, na mkunga angebaki mwanafunzi aliyeteleza, na mwalimu angebaki mwalimu.

"Hukukosea," akasema. "Ni mimi niliyemfundisha, kijana. Na alifanya sawasawa. Somo langu ndilo lililopitwa na wakati."

Kijana akacheka kidogo, akaona wenzake hawacheki, akaaga.

Mkunga alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, sare yake safi, siku yake imeharibika. Fundi akasubiri aambiwe asirudi tena. Baada ya muda mkunga akanyoosha mkono.

"Waya wa betri umelegea. Nipe spana namba kumi."

"Leo sina uso wa kukupa."

"Sheria ni yako, Mwalimu. Lakini nati ni yangu."

Akampa. Mkunga akaifunga, akautikisa waya kuhakikisha, akaenda kliniki.

Jumamosi alifika gereji na kitabu cha gari, kinene, herufi kama sisimizi. Macho ya fundi hayakuziweza, kwa hiyo aliyewasomea ni mpwa wake, sasa yuko sekondari, miguu inafika chini vizuri. Walisoma mpaka adhuhuri. Kati ya kurasa zote hizo walipata mambo tisa ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya kwa mikono yake, na la kwanza fundi aliliandika ukutani kwa chaki: hakikisha limelala kweli. Tisa tu. Zamani alikuwa akifundisha mambo mia.

Mkunga alipoondoka, fundi alibaki anapangusa spana moja iliyokuwa safi tayari.

"Uliwahi kuniuliza nitakula nini," akasema.

Mpwa hakukumbuka. Ilibidi amsimulie: tairi, viatu, kitambaa.

"Kula, mwanangu, ningekula tu, hata kwa kuuza nyanya. Lakini nyanya kila mtu anaijua iliyo nzuri na iliyooza. Kazi yangu iko chini ya boneti. Nisipomfundisha mtu kuitazama, nani angewahi kuniambia kwamba nimeifanya vizuri?"